Mgeni Naye Ana Mchezo Wake

Ndugu msomaji, nakuomba jambo moja kabla hatujaenda mbali: usicheke mpaka umefika mwisho. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini, fundi wa mashine za kukamua mafuta ya alizeti, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Mvi zimekwisha kupiga hodi kichwani. Hata hivyo, kila ninapofungasha mkoba wangu wa safari, pamoja na spana, nyundo na beringi za akiba, sisahau kutia ndani chaja mbili na waya mrefu wa umeme. Wenzangu kazini hudhani ni kwa ajili ya kazi. La hasha. Ni kwa ajili ya gemu.

Naam, gemu, ile michezo ya kwenye kioo cha simu na televisheni ambayo wewe, yamkini, huwagombeza watoto wako kwa ajili yake. Leo nataka kukueleza taabu inayompata msafiri mpenda mchezo akiwa katika nyumba ya kulala wageni, na jinsi taabu hiyo, niliyoiona ndogo, ilivyokaribia kunigharimu jambo kubwa.

Kazi yangu ni ya msimu. Alizeti ya Mkoa wa Singida hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapotua, na huvunwa kuanzia mwezi wa Mei. Ifikapo Juni viwanda vidogo vya kukamua huunguruma kutwa kucha, na penye kuunguruma hapakosi kuharibika. Hapo ndipo nami huitwa kutoka Dar es Salaam. Hukaa mkoani wiki tano au sita, leo Manyoni, kesho Ikungi, keshokutwa Singida mjini au Kiomboi, mikono ikinuka mashudu na nguo zimelowa mafuta.

Sina ugomvi na mkoa huo. Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai. Una majabali yaliyopandana kana kwamba yalipangwa na mikono. Na una upepo usiojua kupumzika. Kuku wake wa kienyeji wanasifiwa hadi Dar es Salaam. Watu wake hawana makeke, na mgeni hukaribishwa vizuri. Lakini, ndugu msomaji, mchana wa msafiri hauna shida. Mchana ana kazi, ana watu, ana kelele za mashine. Shida ya msafiri ni jioni. Amekwisha koga, amekwisha kula, ameketi ukingoni mwa kitanda kisicho chake, na saa ni moja na nusu tu. Afanye nini mpaka usingizi uje? Kuna wanaokwenda baa. Kuna wanaofanya mabaya zaidi ya hayo. Mimi hucheza gemu.

Nieleze nilivyoanza. Simu yangu ya kwanza ilikuwa Nokia, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa nyoka anayekula na kurefuka mpaka ajigonge mwenyewe, mchezo ambao kampuni hiyo ilianza kuutia katika simu zake mwaka 1997. Nyoka huyo alinisindikiza katika safari nyingi. Lakini huo ulikuwa mchezo wa mpweke, na sikuuona kuwa kitu cha maana.

Kisha mtoto wangu wa kiume akafikia umri wa ukimya. Wazazi wenzangu mnaujua umri huo. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani Mbagala kila jioni, na mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule je?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Ndiyo."

Hapo maneno yetu yalikuwa yamekwisha, na dakika haijatimia. Nilimtaka ampe mama yake simu, naye alitii upesi kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nikiwa likizoni nilimkuta barazani akicheza mpira katika simu ya mama yake. Ilikuwa gemu iitwayo eFootball, ya kampuni ya Konami ya Japani, ile ile ambayo vijana waliijua kwa miaka mingi kwa jina la Pro Evolution Soccer mpaka ilipobadilishwa jina mwaka 2021. Nikamwambia anifundishe. Alinitazama kwanza aone kama namtania. Kisha akanisogezea kigoda. Jioni ile nilifungwa mabao saba.

Lakini si mabao ninayoyakumbuka. Alipokwisha nifunga bao la tatu, bila kuulizwa, alisema kwamba mwalimu wao wa hisabati alikuwa amehamishwa na kwamba darasa zima halikuwa likielewa kitu. Sikumjibu, nilikuwa nikikimbiza mpira. Akaendelea. Alisema kwamba yeye alikuwa akijifanya anaelewa kwa sababu aliona haya. Alisema mengine pia, ambayo ni yake na sitayaandika. Nikatambua jambo ambalo miaka kumi na minne ya ubaba haikunifundisha: kijana asiyeweza kusema akitazamwa usoni huweza kusema mengi mikono na macho yake yakiwa kazini.

Basi tukafanya mapatano. Kila siku saa mbili usiku, popote nitakapokuwa, tutacheza mechi moja, na mbili ikiwa amemaliza masomo yake. Yeye atatumia simu ya mama yake, mimi yangu, na sauti zetu zitakuwa hewani wakati tunacheza. Tangu siku hiyo sikuwa na haja tena ya kumwuliza kama amekula.

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni geni. Mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka tisa, marehemu baba yangu alinichukua kwa gari moshi la Reli ya Kati kutoka Morogoro mpaka Manyoni, kumwona shangazi yangu aliyeolewa upande huo. Tulifika usiku, tukapata chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa si mbali na stesheni. Televisheni hatukuijua, Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Chumbani mlikuwa na kitanda, kandili na ndoo. Lakini barazani, chini ya taa ya karabai, palikuwa na bao, na wageni wawili walikuwa wakicheza.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani tulizoea kusoma hali yake kwa kikohozi chake. Usiku ule aliketi mbele ya mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na mtu asiyemjua, na ulimi wake ukafunguka. Alicheka. Alitania. Kisha, akisambaza kete na bila kuinua kichwa, alimwambia mwenzake kwamba kabla yangu mimi alikuwa amezika mtoto mwingine. Mimi nilikuwa nimelala pembeni juu ya mkeka, na walidhani nimesinzia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akilitaja jambo hilo.

Kwa hiyo mtu mzima kusafiri na mchezo wake si utoto. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao, na hakuna aliyethubutu kusema anapoteza wakati. Huko Marekani, wenye hoteli walilitambua jambo hili zamani: katika miaka ya 1990 hoteli nyingi ziliweka vyumbani michezo ya Nintendo iliyounganishwa na televisheni, mgeni akacheza na kulipia kwa saa. Walijua kwamba mgeni ana jioni, na kwamba jioni ni bidhaa. Sisi tulikuwa na baraza na bao, ambavyo havikulipiwa hata senti. Katika nyumba nyingi nilizolala, baraza limejengwa likawa vyumba vingine viwili, na bao limetoweka. Mahali pake pamewekwa televisheni, moja kila chumba, na kila mgeni amefungiwa na ya kwake.

Hata hiyo televisheni, je, ni ya mgeni? Sikiliza. Likizo moja ya Juni nilisafiri na kijana wangu ili aione kazi inayomlisha. Tulibeba PlayStation 2, mashine iliyoanza kuuzwa duniani mwaka 2000, ambayo sisi tuliinunua kuukuu Kariakoo. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuona picha yote: mchana kiwandani, jioni baba na mwana tukicheza mbele ya kioo kikubwa.

Katika nyumba ya kwanza tuliikuta televisheni imetundikwa karibu na dari, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Mbuzi mwizi hafungwi hivyo. Nikaomba ufunguo ili nichomeke nyaya tatu tu, ya njano, nyeupe na nyekundu. Kijana wa mapokezi akanijibu kwa adabu, "Ufunguo anao bosi, mzee, na bosi yuko Dodoma."

Tukahamia nyumba ya pili. Humo hapakuwa na kizimba, nasi tukafurahi. Lakini televisheni ilikuwa imefungwa kwa njia nyingine: watengenezaji huwawekea wenye hoteli siri ya kuzuia mgeni asibadili chochote, asiongeze sauti kupita kiasi, wala asihamie kwenye tundu jingine la waya. Tukachomeka, tukabonyeza, tukazima, tukawasha. Kioo kilibaki na taarifa ya habari.

"Basi tutazame mpira," nikasema. Tukatazama. Dakika ya sabini, timu yetu ikiwa inashambulia, mpira ukatoweka ghafla na badala yake akatokea mwanamke analia katika tamthilia. Nikashika kidude cha kubadilishia, hakikufua dafu. Nikatoka nje, nikakuta milango mitatu mingine imefunguliwa na wanaume watatu wenye kandambili wamesimama ukumbini, kila mmoja na malalamiko yale yale. Kumbe nyumba nzima ilikuwa na kisimbuzi kimoja tu, nacho kilikuwa mapokezi, na dada wa mapokezi alikuwa ameifikia saa ya tamthilia yake. Alichotazama yeye ndicho tulichotazama sote.

Kijana wangu alicheka mpaka akaanguka kitandani. Mwishowe tulichana boksi la maji, tukachora drafti kwa kalamu, tukaokota vizibo vya soda, tukacheza sakafuni. Ilikuwa jioni njema. Nakuambia hayo ili ujue kwamba si kila karaha ni msiba. Mkiwa wawili, karaha hugeuka kichekesho.

Msiba huja ukiwa peke yako.

Msimu uliofuata nilirudi bila yeye. Alikuwa ameingia kidato cha pili, mwaka wa mtihani wa upimaji, nasi tulimlipia tuisheni ya likizo. Mapatano yetu ya saa mbili usiku yalibaki pale pale. Nami nikaanza kuzihesabu nyumba za wageni kwa jicho la mtu mwenye ahadi.

Ya kwanza ni soketi. Chumba kimoja huwa na soketi moja, na hiyo moja iko juu, nyuma ya televisheni. Ukitaka kuchaji simu, usimame kama mtu anayepimwa urefu. Ukitaka kuketi kitandani, simu ife. Ndiyo sababu ya waya wangu mrefu. Ya pili ni mtandao. Gemu ya watu wawili haili bando jingi. Inachotaka ni mtandao usiosita. Ukisita kidogo tu, mchezaji wako husimama kama aliyesahau alikokuwa akienda, na akizinduka tayari umefungwa. Bango la mlangoni limeandika kwamba kuna waifai, lakini saa mbili usiku wageni wote wameirukia, na ukuta baina yako na chombo chake ni wa tofali nene. Ya tatu ni umeme, ambao ukikatika huchukua vyote viwili. Ya nne ni kelele: tangu mabasi ya mbali yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, wageni huingia na kutoka saa zote, na kila anayefika hugonga mlango wako kwanza.

Jumatatu moja nilikuwa katika nyumba isiyo na sifa hata moja ya kutaja. Simu ilikuwa na chaji kidogo, maana soketi ilikuwa imelegea na chaja ilikuwa ikidondoka kila nilipoiacha. Tulianza mechi. Kijana alicheza ovyo, jambo lisilo kawaida yake. Kisha akasema, "Baba, tukimaliza kipindi cha kwanza kuna jambo nataka kukuambia."

"Haya," nikasema.

Kabla ya kipindi kumalizika, umeme ulikatika. Simu yangu ilidumu dakika mbili tatu gizani, ikazima. Nilitoka kutafuta mahali pa kuchajia. Jenereta hapakuwa, na duka la jirani lilikuwa limefungwa. Umeme ulirudi alfajiri. Nikamwandikia mke wangu amwambie kijana kwamba tutaongea jioni.

Sasa, ndugu msomaji, nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nimekuahidi ukweli. Siku iliyofuata mashine ilitutesa. Parafujo la kukamulia lilikuwa limekwisha meno, na tulilitoa na kulirudisha mara nne. Niliporudi, mgongo ulikuwa ukiniuma na kichwa kizito. Umeme ulikuwapo. Mtandao ulikuwapo. Saa mbili ilipofika, nilimwandikia kijana wangu maneno haya: "Mtandao wa huku mbaya sana leo. Tutacheza kesho." Kisha nikajilaza, nikatazama video za kuchekesha katika simu ile ile mpaka saa nne, nikalala.

Jumatano nikaandika hivyo hivyo. Uongo wa pili haukuniuma kama wa kwanza.

Alhamisi, saa tano na nusu za usiku, mke wangu alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kupita hasira. "Baba watoto, mwanao ndio kwanza anaingia ndani. Nimemtoa kwenye kibanda cha gemu kule stendi. Na pesa ya tuisheni hajalipa hata senti; wiki ya tatu hii. Gemu mmemfundisha wenyewe."

Nilikasirika, nami nilikuwa na maneno mengi tayari. Nikamtaka ampe kijana simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pesa ya tuisheni iko wapi?"

Ukimya ule wa zamani ukarudi. Kisha akasema, "Nilitaka kukuambia Jumatatu. Umeme ukakatika kwako."

"Na Jumanne? Na jana?"

"Baba," akasema taratibu, bila ujeuri wowote, "Jumanne nilikuona uko hewani mpaka saa nne. Na jana pia."

Simu hizi huonyesha, ndugu msomaji. Mwenzako huona kama uko hewani au hupo. Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimefikiria kwamba mtoto atakaa saa mbili nzima akikitazama kialama kile kidogo chini ya jina la baba yake.

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia alale, tutaongea kesho. Nami sikulala. Usiku kucha upepo wa Singida ulikuwa ukitikisa bati, na mimi nilikuwa nikijiuliza ni nani kati yetu aliyeanza kudanganya. Soketi mbovu ilinivunjia jioni moja. Jioni mbili nilizivunja mwenyewe, kisha nikaisingizia nyumba ya wageni.

Asubuhi nilifungasha vyangu, nikahamia nyumba nyingine, ndogo, upande wa kuelekea ziwani. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, amejifunga khanga, na ndiye aliyeshika daftari la wageni. Akaniuliza jina, kabila, nitokako na niendako, kama ada ilivyo. Alipokwisha nikamwambia, "Mama, nina ombi. Saa mbili usiku nahitaji mahali penye soketi nzima na mtandao, kwa nusu saa."

"Una kazi ya ofisi?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama. Nacheza gemu na mwanangu aliye Dar es Salaam."

Akanitazama juu ya miwani yake, toka kwenye mvi mpaka kwenye viatu vya mafuta. "Mtu mzima na masharubu yako," akasema. Kisha akasogeza kiti kutoka nyuma ya meza yake. "Soketi nzima iko hapa tu. Na waifai chombo chake ndicho hiki. Ukae hapa."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta saa mbili usiku nimeketi mapokezi, mbele ya macho ya kila aingiaye, simu mkononi na waya ukutani. Sikuwa na mahali pa faragha pa kumwambia mwanangu niliyotaka kumwambia, nami niliona ni haki yangu. Tulipoanza mpira nikasema, "Jumanne na Jumatano mtandao ulikuwapo. Nilichoka, nikakudanganya. Nisamehe."

Yeye hakujibu. Mpira ulikuwa kwake. Akapiga pasi mbili, akanifunga. Mama wa mapokezi alikuwa akiandika katika daftari lake jambo ambalo nadhani halikuwapo.

Kisha kijana akaanza kusema. Pesa ya tuisheni, alisema, aliitumia wiki ya kwanza kidogo, kwa sababu vijana wa kibandani walimwambia kwamba wana mashindano ya pesa, naye alidhani atazidisha na kuirudisha. Akashindwa. Akatia tena ili aikomboe ile ya kwanza. Jumatatu alikuwa amebakiwa na nauli ya wiki tu, na alitaka kuniambia kabla mama yake hajajua. Nilipokosekana, aliona afadhali arudi kibandani ajaribu mara ya mwisho. Hiyo mara ya mwisho ndiyo iliyomfikisha saa tano za usiku.

Sikumgombeza. Si kwa sababu sikuudhika. Niliudhika sana, maana pesa ile niliitoa mgongoni mwangu. Lakini nilikumbuka mkeka wa Manyoni na baba yangu akisambaza kete. Mtu akifungua mlango ambao hufunguka mara chache, usimpigie kelele mlangoni. Tulikubaliana kwamba ataiomba radhi nyumba yote, mama yake kwanza. Kwamba tuisheni ataanza Jumatatu kwa pesa nitakayotuma moja kwa moja kwa mwalimu. Na kwamba likizo ya Desemba atakuja kufanya kazi nami, kuosha vyuma kwa dizeli na kubeba mashudu, mpaka senti ya mwisho irudi. Alikubali. Kisha akanifunga mabao manne kwa moja.

Nilipokata simu, yule mama alinisogezea kikombe cha chai. "Wangu yuko Mwanza," akasema. "Akinipigia hunisalimu, kisha ananyamaza." Akasita. "Hiyo gemu ni ngumu kujifunza?"

Sikumfundisha mpira. Nilimfundisha drafti ya kwenye simu, ambayo mtu hucheza zamu yake kwa nafasi yake. Kabla sijaondoka mkoani, alinieleza kwamba amekwisha shindwa na mwanawe mara tisa, na kwamba amepata kujua kuwa kijana huyo ana mchumba.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo yangu. Sasa naomba niseme maneno matatu, nikuache.

La kwanza ni kwenu wenye nyumba za kulala wageni. Hatudai anasa. Wekeni soketi nzima karibu na kitanda. Gharama yake haizidi ya wageni wawili wanaohama kwa hasira. Mgeni akifika, mwambieni ukweli wa mtandao na umeme wa kwenu, badala ya kumwachia bango limdanganye. Na kama nafasi ipo, rudisheni baraza: meza moja, viti vinne, bao au drafti, na soketi ukutani. Mgeni mwenye jioni njema hulipia siku ya pili.

La pili ni kwa wasafiri wenzangu. Jirani yako chumba cha pili ana basi la saa kumi na moja alfajiri. Vaa spika za masikioni, na ukifungwa bao usipige yowe. Na usiisingizie nyumba ya wageni makosa yako. Mtandao mbaya ni wa kweli mara nyingi vya kutosha, hauhitaji kuongezewa.

La tatu ni kwa wazazi. Wako wanaosema gemu zinaharibu watoto. Nami, baada ya kibanda cha stendi, siwezi kuwabishia moja kwa moja. Mchezo ule ule ulioniletea mwanangu ndio uliotaka kumchukua. Tofauti niliyoiona ni moja tu, nayo ni nani aliyeketi upande wa pili. Ikiwa si wewe, atakuwapo mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na haraka ya kumrudisha nyumbani.

Msimu wa alizeti uko njiani tena. Mkoba wangu uko chini ya kitanda: spana, nyundo, beringi, chaja mbili na waya mrefu. Ukinikuta jioni katika mapokezi ya nyumba fulani Singida, mtu mzima na masharubu yangu, nimeinamia simu na napigwa mabao, nisalimu kwa mbali tu. Nina mazungumzo na mwanangu.